Kwa nini barua na mali mbichi viliihama reli?

Ghala_Baridi aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Nafanya zamu ya usiku kwenye ghala la baridi, kazi yangu ni kupokea matunda na mboga na kuzipakia kwenye malori. Nyuma ya ghala kuna reli ya pembeni iliyoota majani, mataruma yake yanaoza. Ukuta wa upande huo una milango mitatu mipana, yote imechomelewa. Maana yake waliojenga hapa walitegemea mabehewa yafike mpaka mlangoni. Na kila usiku treni ndefu ya mizigo inapita kwenye njia kuu, makontena na mawe, haisimami.

Treni moja inabeba mzigo wa malori mengi, tena kwa mafuta machache zaidi kwa kila tani. Ilikuwaje barua na mali mbichi vikawa miongoni mwa vitu vilivyoikimbia? Nasoma sana habari za Marekani na Uingereza, ambako zamani karibu kila kitu cha haraka kilipita relini. Naomba jibu la mtu aliyeifanya kazi yenyewe. Kwamba lori lina haraka nimeshaambiwa, na bado halijanitosha.

Njia_Kuu alijibu:

Ni barabara, mkuu. Marekani ilipitisha sheria ya kujenga barabara kuu za kitaifa mwaka 1956, na mashine ya baridi ya kufunga kwenye lori ilikuwa tayari, kazi ya Frederick McKinley Jones tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Lori linapakia shambani na kupakua dukani. Treni inahitaji lori mwanzoni na lori mwishoni.

Mpanga_Mabehewa alijibu:

Ghala_Baridi, pole na zamu ya usiku. Nimefanya kazi miaka 27 kwenye yadi ya kupangia mabehewa, mpaka nikastaafu. Barabara ni kweli, lakini hebu nikueleze nilichokiona upande wa pili wa milango kama hiyo yako.

Treni ikiwa njiani inakwenda. Muda unapotea yadini. Behewa linafika, linakatwa, linasukumwa kwenye njia ya kungojea, linasubiri wenzake wanaoelekea upande uleule, ndipo linaungwa kwenye treni nyingine. Safari moja ndefu inaweza kupitia yadi tatu au nne za namna hiyo. Mawe yakilala siku mbili hayadhuriki. Nyanya zinadhurika. Niliwahi kuliona behewa la nyanya likikaa njia namba sita tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu, kwa sababu karatasi zake zilikuwa zimeondoka na treni nyingine. Lilipofunguliwa, maji mekundu yakatiririka mlangoni. Mwenye mzigo alikuja mwenyewe, akatazama, akaondoka bila neno. Hakuleta mzigo kwetu tena. Mimi ndiye niliyelisukuma behewa lile mahali pale, na mpaka leo naikumbuka harufu yake.

Reli ya zamani ililijua tatizo hili na ilipambana nalo kwa nguvu zote. Kampuni ya Pacific Fruit Express iliundwa mwaka 1906 na kampuni mbili za reli, Union Pacific na Southern Pacific. Ilianza na mabehewa 6,600, baadaye yakafika karibu 40,000. Mabehewa hayo hayakuwa na mashine. Kila ncha ya behewa ilikuwa na sanduku la barafu, jumla tani nne hadi tano, na barafu ilijazwa upya njiani. Treni inasimama kando ya jukwaa refu lenye kimo cha paa, vijana wanaburuta vipande vya kilo 136 hivi, wanavipasua na kuvitumbukiza kupitia vifuniko vya juu. Kisha safari inaendelea. Treni za matunda zilipewa njia, nyingine zikasubiri pembeni.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, na mimi ndilo linalonivutia kuliko yote. Mabehewa mengi yaliondoka California yakiwa hayana mnunuzi. Treni inakwenda mashariki, nyuma yake dalali anatafuta bei kwa simu na telegramu. Akiuza, reli inaambiwa behewa namba fulani lisiende tena Chicago, lipelekwe New York, na linakatwa kwenye makutano yanayofuata. Mwendo wa siku kadhaa ulikuwa muda wa kufanyia biashara. Lori lilipofupisha safari, na maduka makubwa yakaanza kununua moja kwa moja shambani, dalali huyo hakuwa na kazi tena, na reli ikapoteza huduma ambayo wengine hawakuweza kuitoa.

Sheria nayo iliuma. Sheria ya Marekani ya mwaka 1935 iliyodhibiti malori iliyaacha huru malori yaliyobeba mazao ambayo hayajasindikwa. Mwenye lori akapanga bei yake asubuhi na kuibadilisha jioni. Reli ikabaki na viwango vya bei vya kutangazwa na kuidhinishwa, na kwa matunda na mboga mbichi haikufunguliwa hadi mwaka 1979. Ni miaka 44 ya kushindana ukiwa umefungwa mkono mmoja. Na behewa la baridi likishapakuliwa lilirudi tupu, bara zima.

Ghala_Baridi:

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Hilo la dalali limenifungua macho. Sasa barua je? Barua haiozi.

Bahasha alijibu:

Hapo niruhusuni mimi, nimechambua barua kwa mikono miaka mingi.

Kwenye treni barua haikubebwa tu, ilifanyiwa kazi humo humo. Uingereza walianza mwaka 1838, kwenye behewa la farasi lililogeuzwa. Marekani huduma rasmi ilianza Agosti 1864, kutoka Chicago hadi Clinton, Iowa. Makarani walisimama ndani ya behewa wakichambua barua usiku kucha, na kwenye stesheni ndogo treni haikusimama: mfuko ulitundikwa kwenye nguzo, mkono wa chuma ukaunyakua treni ikiwa kwenye mwendo, na karani akautupa nje mfuko wa mji huo kwa mguu. Mitihani yao ilidai alama 97 kwa mia. Walikariri maelfu ya ofisi za posta na treni inayofika kila moja. Ninayekwambia hivi nilishindwa kukariri nusu ya mtaa wangu bila karatasi ukutani, kwa hiyo nawaheshimu kwa dhati.

Lakini behewa lao lilivutwa na treni ya abiria. Abiria walipohamia kwenye magari na ndege, posta ndiyo iliyobaki ikizilipia treni hizo, na treni zilipopunguzwa, posta ikakosa ratiba ya kutegemea. Kila mmoja alikuwa akimvuta mwenzake chini. Namba za posta zilikuja mwaka 1963, uchambuzi ukahamia kwenye majengo makubwa na mashine, na mwaka 1967 posta ya Marekani ikaondoa mikataba mingi kwa mpigo. Treni nyingi za abiria hazikudumu baada ya hapo. Behewa la mwisho la makarani lilifanya safari kati ya New York na Washington, tarehe 30 Juni 1977. Uingereza walifika mwisho huo Januari 2004.

Mpanga_Mabehewa:

Marahaba, Ghala_Baridi. Bahasha amesema sawa, na mnaona shida ni ileile. Kazi ya haraka ilitegemea treni inayoondoka kila siku saa ileile, iwe imejaa au haijajaa.

Angalia kilichofanya kazi baadaye. Treni za maji ya machungwa zilianza kutoka Florida kwenda New Jersey miaka ya 1970: mzigo mmoja, kutoka kiwanda kimoja hadi kituo kimoja, bila kupangwa upya yadini. Mwaka 2006 ilianza huduma ya treni nzima ya mabehewa ya baridi kutoka Wallula, Washington, hadi Rotterdam, New York, kwa mtindo huohuo. Ilipendwa, lakini mwaka 2020 ilifungwa. Kujaza treni nzima kila wiki si jambo dogo.

Kwa hiyo kabla hujaitazama tena milango yako mitatu, nifanyie hesabu moja. Malori mnayopakia kwa usiku mmoja ni mangapi, na yanakwenda miji mingapi?

Ghala_Baridi:

Nimehesabu zamu ya jana, mzee. Malori 11, miji tisa.