Naomba ushauri: kasha au doki kwa bakapu za laptopu?

Wakuu, habari zenu. Nina hadidiski mbili za SATA (aina ya kiunganishi cha diski): ya inchi 2.5 iliyotoka kwenye laptopu, na ya inchi 3.5 ya kompyuta ya mezani. Nataka zihifadhi bakapu (nakala za akiba) za picha za familia, ama kwa kasha (ganda linalofunika diski na kuiunganisha na laptopu kwa USB) au kwa doki (kituo cha mezani cha kuchomeka diski). Hizo zikipotea hazirudi.

Ndogo inatosheka na umeme wa USB, lakini kubwa inataka adapta ya volti 12, na huku umeme hukatika wakati wowote. Naogopa ukatike katikati ya kunakili. Doki inapokea saizi zote mbili, ila diski inakaa wazi na vumbi la hapa ni jingi mno.

Je, ninunue kasha la USB 3.0 kwa ile ndogo tu? Mliotumia doki muda mrefu, imewatendeaje?