Govi linavimba na kubana kila baada ya miezi miwili, nimechoka na dawa za dukani. Naombeni ushauri wakuu

Mzee wa Fuso

Wakuu heshima kwenu. Nimeandika na kufuta mara tatu, leo liwalo na liwe.

Nina miaka 38, mke na watoto wawili, naendesha Fuso la mchele Kahama kwenda Dar. Kwetu Usukumani wazee hawakuwa na jando, kwa hiyo sijatahiriwa, na tangu utoto sikuwahi kusumbuliwa. Govi lilikuwa linarudi nyuma vizuri, naosha, maisha yanaendelea.

Tangu mwaka jana mwezi wa nane mambo yamebadilika. Inaanza kuwasha. Kesho yake kichwa chekundu, kina madoa na utando mweupe kama mtindi. Siku ya tatu mdomo wa govi unachanika, michaniko midogo midogo kama ya kisigino wakati wa kiangazi, mkojo ukipita hapo nauma meno. Ikipona inaacha ngozi imekaza. Sasa hivi govi likifika nusu linagoma.

Duka la kwanza walinipa vidonge vya gono bila kuniuliza lolote. La pili, sindano. La tatu, ile tyubu ya mchanganyiko inayotibu kila kitu. Hiyo inatuliza kwa muda, halafu ugonjwa unarudi na ndugu zake. Naosha kwa sabuni ya kuua vijidudu asubuhi na jioni. Niliwahi kujaribu maji ya moto ya chumvi, sirudii tena.

Baya zaidi ni nyumbani. Mke anaamini nayabeba huko barabarani. Naapa sina mchepuko. Nawasilisha.

Kijana wa Majengo

Mkuu kavue hilo koti stori iishe. Mikoa yenu tohara imekuwa ikifanywa bure, wakipiga mpaka matangazo kwa spika. Mimi nilikata nina miaka 29, nilikaa kwenye benchi moja na watoto wa darasa la sita, mmoja akanipa moyo kabisa: "Anko haiumi."

Mama Wawili

Pole kaka. Na shemeji yeye hawashwi? Mimi na mume wangu tulirushiana fangasi kama mpira miezi mitano. Anatibiwa yeye, namrudishia mimi. Muulize kwa upole, si kwa kumgeuzia kesi.

Tabibu wa Zahanati

Kisu kisubiri kidogo. Mimi ni afisa tabibu, nakuuliza matatu. Usiku unaamka kukojoa mara ngapi? Kiu ikoje? Umewahi kupima sukari?

Mzee wa Fuso

Dokta umenishtua. Usiku mara nne, tano. Kutoka Kahama mpaka Singida nasimama kukojoa mpaka utingo wangu ananiita bomba bovu. Kiu nayo ipo, nakunywa soda tatu nne kwa safari, nikajua ni joto la injini. Sukari sijawahi kupima.

Tabibu wa Zahanati

Kapime kesho asubuhi kabla hujala wala kunywa chai. Ikiwa 7.0 (mmol/L) na kuendelea, hicho ni kiwango cha kisukari, na kwa kawaida kipimo hurudiwa siku nyingine kuthibitisha. Mwanaume mtu mzima ambaye govi halijawahi kumsumbua, halafu ghafla linachanika na kurudiarudia hivyo, cha kwanza nafikiria sukari. Mkojo ukiwa na sukari ukabaki chini ya govi, fangasi wamepata shamba lenye mbolea. Ukipaka dawa bila kushusha sukari unafyeka magugu na kuacha mizizi.

Wakati huo huo acha hiyo sabuni. Ngozi ya pale ni laini, sabuni kali inaichubua na inazidi kuwasha. Maji matupu ya uvuguvugu yanatosha. Kama ni fangasi, krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, mara mbili kwa siku, wiki moja hadi mbili, usiache siku ya tatu kwa sababu kuwasha kumekoma. Na mama akiwa na dalili atibiwe naye siku hizo hizo. Vidonge vya gono vilikuwa vya nini wakati hutoki usaha? Ila kwa kuwa una michubuko, pima kaswende na VVU pia, uondoe wasiwasi wa nyumbani.

Mti Dawa

Chemsha mwarobaini, ukae kwenye beseni dakika 20. Siku saba tu.

Kijana wa Majengo

Mzee Mti Dawa, jamaa ana michaniko. Unataka apige kelele mpaka Nzega wasikie?

Kimya Kingi

Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu. Kaka, usilivute govi kwa nguvu. Mimi nililazimisha likarudi nyuma, likagoma kurejea mbele. Baada ya saa mbili kichwa kilikuwa kama nyanya, pete ya ngozi imekikaba. Nikalala nalo nikiona aibu, asubuhi nikabebwa kwenye bajaji. Daktari alifinya uvimbe taratibu karibu robo saa mpaka likapita, akaniambia ningezidi kuchelewa damu ingekosa njia kabisa. Hiyo ni dharura, hata iwe saa nane usiku nenda.

Babu Mstaafu

Mdogo wangu, angalia pia rangi ya ile ngozi inayobana. Yangu iligeuka nyeupe, ngumu kama kovu la moto. Nilipakwa krimu ya betamethasoni (steroidi ya kutuliza uvimbe) ya asilimia 0.05 kwenye ile pete mara mbili kwa siku wiki sita, huku naivuta taratibu. Wapo inaowafaa wakasahau kisu. Yangu haikulegea, nikatahiriwa na miaka 54, kipande cha ngozi kikapelekwa maabara. Ukiona weupe wa namna hiyo, au kidonda kisichopona, usiishie duka la dawa. Na hiyo krimu usijipake mwenyewe wakati fangasi bado wapo.

Mzee wa Fuso

MREJESHO. Siku tisa zimepita, samahani nilikuwa safarini.

Nilipima kabla ya kula: 13.8. Nikarudia kesho yake: 14.1. Nimeanzishiwa metformini, soda nimeapa. VVU na kaswende hakuna. Krimu ya fangasi ina siku ya nane leo, michaniko imefunga, mkojo unapita bila kunitoa machozi. Govi bado linaishia nusu. Hospitali wamesema sukari ishuke kwanza, kidonda cha tohara kwenye sukari ya 14 kinaweza kuchelewa kupona na kuingia uchafu, halafu ndipo tuamue krimu ya kulegeza ngozi au kukata. Nikikata, wiki sita hakuna tendo.

Mke nilimpa karatasi ya maabara. Akaisoma mpaka nyuma ambako hakuna kitu. Akauliza 13.8 ni nyingi? Nikamwambia kawaida haifiki 6.1. Jioni chai ikaja bila sukari. Samahani hajasema, ila amekubali kwamba naye alikuwa anawashwa tangu Pasaka, akinyamaza kwa kudhani nimemletea mimi.

Chumvi Kidogo

Hongera mkuu. Neno moja: baadaye wakikubadilishia dawa ya sukari wakutajie dapagliflozini au empagliflozini, waambie historia yako. Hizo zinatoa sukari kupitia mkojo. Ni dawa nzuri, ila mimi ziliniletea fangasi hizo hizo.

Mzee wa Fuso

Nimeandika pembeni. Dokta, swali la mwisho: barabarani naoshaje bila sabuni? Vyoo vya stendi unavijua.

Tabibu wa Zahanati

Dumu la lita tano nyuma ya kiti, maji safi matupu. Rudisha govi pale linapofika bila maumivu, mwagia, kausha kwa kitambaa safi kwa kugusa tu, halafu ulirejeshe mbele. Na huyo utingo wako anayekucheka, naye apime.