Mafundi, acheni kutuuzia spea kwa kubahatisha! Gari inayogoma leo na kuwaka kesho inapimwa, haipigiwi ramli

Wakuu, nimechoka na leo nayasema yote.

Gari yangu ni otomatiki ndogo ya Kijapani, kama nyingi tu hapa Dar. Asubuhi inawaka kwa funguo moja. Ikishachemka kwenye foleni, ukaizima kidogo kisha ukajaribu kuiwasha, unasikia "tik" moja chini ya boneti, basi. Stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, haizungushi. Taa zinang'aa, honi inalia kwa nguvu zote. Ukiiacha ipoe, inawaka vizuri tu. Imemgomea mke wangu usiku barabarani akiwa na watoto, ndiyo maana hili jambo silichukulii poa.

Gereji ya kwanza, fundi kasikiliza nusu ya maelezo: "Betri hiyo, bosi." Hakuna mita, hakuna kipimo. Betri nzima iliyojaa chaji na kutulia inasoma kama volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kuipima ni dakika moja. Hakupima. Nikanunua betri mpya, laki mbili kasoro kidogo. Wiki haikuisha, tik.

Nikarudi. Sasa ikawa "stata imechoka". Wakafunga ya mtumba kutoka maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani. Tik. Nikahamia gereji nyingine, huko wakaniambia swichi ya funguo. Wakabadilisha, wakanilipisha na ufundi juu. Tik! Na kila ninapoipeleka, ikiwa imepoa, fundi anaiwasha mara moja na kuniuliza, "Mbona inawaka?" Halafu papo hapo anataja kifaa kingine cha kununua. Umeona inawaka, umejuaje kilichokufa?

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali la kwanza kabisa: ikigoma, injini inazunguka au haizunguki? Ikiwa inazunguka lakini haishiki, unatafuta mafuta, cheche, au sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini), ambayo ikianza kufa ina tabia ya kukata ikipata joto na kurudi ikipoa. Ikiwa haizunguki, hapo ndipo unaingia kwenye betri, tamino (vichwa vya nyaya kwenye betri), nyaya nene, rilei (swichi ndogo ya umeme), stata yenyewe, na kwa otomatiki ile swichi ya gia inayozuia stata gia ikiwa haiko P au N (jaribu kuiwasha ikiwa N badala ya P uone). Ni njia mbili tofauti kabisa, na jibu la swali hilo ni bure.

Aliyenitoa ni fundi umeme mmoja kijana, hana hata gereji. Aliniambia, "Kaka, usiniletee ikiwa imepoa. Ikigoma, usiiguse, nipigie nije hapo hapo." Akaja. Akaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Tik. Mita ikaruka hadi volti 5. Hapo haitakiwi kuzidi nusu volti! Maana yake volti zinapotelea kwenye waya wa ethi, ule unaounganisha injini na hasi ya betri, badala ya kuifanyia kazi stata. Akaukata mpira wa ule waya karibu na kichwa chake: ndani shaba imegeuka unga wa kijani, imebaki michirizi michache inayogusana. Ikipata joto na mtikisiko, mguso unalegea. Ikipoa, unarudi.

Na taa je? Taa zinakula ampea chache tu, tena ethi yake inapita kwenye bodi kwa waya mwingine. Stata inavuta ampea mia na zaidi kupitia waya ule ule ulioliwa. Kwa hiyo taa kung'aa kulikuwa dalili kwamba huenda kosa si betri, na ilipaswa kupimwa kwanza. Walikuwa wanaiona taa ikiwaka, na bado wakaniuzia betri!

Waya mpya na vichwa vyake haukufika hata elfu thelathini. Tangu hapo gari inawaka ikiwa ya moto, ikiwa baridi, saa yoyote.

Sasa kinachonichoma zaidi: stata yangu ya asili ilikuwa nzima. Nimeifuata kwenye ile gereji, wananiambia "tuliitupa". Stata haitupwi, wakuu, stata inauzwa. Nimenunuliwa mtumba kwa hela yangu, na kizima changu kimeingia mfukoni mwa mtu. Nina ujumbe wa simu ambao fundi mwenyewe anataja bei ya stata na kazi, ila sina risiti.

Naomba wenye uzoefu waniambie: kuna aliyewahi kuidai gereji spea yake ya zamani na akarudishiwa yenyewe au thamani yake? Alianzia wapi, serikali ya mtaa, polisi, au Tume ya Ushindani (FCC), inayolinda walaji? Na ujumbe wa simu bila risiti unatosha? Nataka stata yangu.