Miastenia: wimbi halishuki tena kama zamani. Ni nafuu au ni kipimo?

neva_na_msuli: Wadau habari. Kuna mgonjwa wa miastenia gravisi (misuli hudhoofika kwa kuwa ishara za neva haziifikii vizuri) hapa Nairobi anayepimwa kila miezi 3: neva ya alna (ya mkononi), msuli wa kidole kidogo, mapigo 3 ya umeme kwa sekunde, na kila pigo hutoa wimbi la mwitikio wa msuli. Januari wimbi la nne lilishuka kwa 24% kulinganisha na la kwanza, Aprili 21%, Julai 9%. Dawa ni zile zile na yeye anasema haoni tofauti. Ripoti isemeje?

FundiEMG: Mkono ulikuwa na joto gani? Hii ni Julai ya Nairobi, asubuhi vidole ni barafu. Baridi hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachovunja asetilikolini (kemikali inayopeleka ishara ya neva kwenye msuli), kwa hiyo ishara inadumu zaidi na kushuka kunajificha. Pasha mkono hadi ngozi ifike angalau 33°C, na uandike joto hilo kando ya kila kipimo.

Halafu saa ya kidonge. Kwa kawaida piridostigmini (dawa ya miastenia inayozuia kimeng'enya hicho hicho) huachwa saa 12 kabla ya kupimwa, daktari wake akiruhusu. Anayepata shida kumeza au kupumua asiachishwe kwa sababu ya kipimo. Huyo mpime kila mara muda uleule baada ya dozi.

Dkt_Misuli: Sawa, lakini anza na umbo. Kushuka kwa kweli huteremka hadi wimbi la 4 au la 5, kisha hupanda kidogo kuelekea la 10. Mawimbi yakirukaruka ovyo, elektrodi imesogea au umeme haukutosha. Ongeza umeme mpaka wimbi liache kukua, kisha zidisha 20%. Funga mkono kwa mkanda. Rudia mara 3 ukipumzisha dakika 1 katikati. Namba zikikataa kulingana, huna cha kulinganisha na Januari.

Baadaye akaze kidole kwa nguvu dakika 1, upime papo hapo, kisha kila dakika hadi ya 4. Kushuka kusikoonekana akiwa ametulia huweza kujitokeza hapo.

neva_na_msuli: Na nikihamia trapezi (msuli wa shingo na bega)?

FundiEMG: Ongeza, usihamie, ukihama unapoteza mfululizo wako. Trapezi hunasa zaidi kwa kuwa misuli ya karibu na kiwiliwili huathirika mapema, na baridi haiifikii sana. Ubaya wake ni bega kuruka: mgonjwa aketi akishika kiti kwa chini.

Dkt_Misuli: Kwenye ripoti usiandike "nafuu". 9% iko chini ya kikomo cha 10%, kwa hiyo msomaji ataiona ni ya kawaida. Andika kimo cha wimbi la kwanza kwa milivolti, joto, saa ya dozi na alama za QMG (kipimo cha ukali wa miastenia) za siku hiyo, kisha omba kipimo kirudiwe mkono ukiwa moto.