Indeksi yangu ya h ni 7: nijieleze vipi mbele ya kamati?

Bi_Darubini:
Wakubwa shikamooni, na wengine habari za kazi.

Nina miaka 14 kwenye utafiti wa malaria na homa za watoto. Wiki mbili zijazo nakaa mbele ya kamati ya kupandisha vyeo, na fomu yao ina kisanduku kimoja kinachoninyima usingizi: indeksi ya h, ile namba inayompima mtafiti kwa idadi ya makala zake na mara zilivyorejelewa na wengine. Yangu kwenye Google Scholar, injini ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, ni 7. Mwenzangu tulioajiriwa pamoja ana 15.

Makala zangu zimerejelewa hivi, kuanzia juu: 212, 88, 31, 19, 12, 9, 8, 6, zilizobaki ni chini ya hapo. Ile ya 212 ni jaribio kubwa la dawa lililofanyika nchi kadhaa, na jina langu ni la 31 kati ya waandishi 46. Nilisoma slaidi za damu misimu miwili ya mvua, mchana na usiku, hadi macho yakawa yanatoa machozi. Najivunia kazi ile, ila wazo halikuwa langu. Niliyoiwaza mwenyewe, nikaiandikia andiko la kuomba fedha, nikaifuata vijijini kwa bodaboda, ndiyo hiyo yenye marejeo 6. Inahusu namna ya kuhakiki usomaji wa slaidi kwenye zahanati ndogo. Zahanati za wilaya mbili zinautumia utaratibu ule mpaka leo. Hilo naliandika wapi?

Mkutubi_Moro:
Dada, pole. Kipimo hicho alikibuni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, mwaka 2005. Unapanga makala kuanzia iliyorejelewa zaidi, unashuka ukihesabu mpaka marejeo ya makala yawe machache kuliko nafasi yake kwenye orodha. Makala yako ya 7 ina marejeo 8, bado unaendelea; ya 8 ina 6 tu, hapo unakoma. Kwa hiyo ile ya 212 hata ingefika 2,000 ungebaki na 7. Na mtu aliyeingizwa kwenye majaribio makubwa mengi atapanda haraka hata kama hajawahi kuongoza utafiti wake mwenyewe.

Swali langu: jina lako limeandikwa namna moja kila mahali? Hapa maktaba nawapokea akina mama wengi waliobadili jina baada ya ndoa, nusu ya kazi zao imebaki kwenye jina la baba. Jisajili ORCID, mfumo wa utambulisho wa watafiti, ni bure, utapewa namba ya tarakimu 16 isiyobadilika hata jina likibadilika. Kisha kwenye fomu taja chanzo na tarehe. Google Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti, kwa hiyo Scopus, hifadhidata nyingine ya marejeo, kwa kawaida itakupa namba ndogo zaidi, na mjumbe akiona tofauti atadhani umeongeza.

Daktari_Mstaafu:
Marahaba mwanangu.

Mimi nilikuwa wodi ya watoto. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya jaribio la FEAST: watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Waliopewa maji mengi ya dripu kwa haraka walifariki zaidi ya 10 katika kila 100 ndani ya saa 48. Wasiopewa, 7 na ushei. Miaka yote nilikuwa natundika dripu zile nikiamini naokoa. Niliacha. Sijawahi kuandika makala hata moja, kwa hiyo badiliko langu halimo kwenye hesabu ya marejeo ya mtu yeyote.

Wewe unazo zahanati za wilaya mbili. Nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, omba barua inayosema utaratibu wako unatumika wapi na tangu lini. Kamati ikihoji, kuna Azimio la San Francisco la 2013 kuhusu kutathmini utafiti: linataka kazi ya mtafiti ipimwe kwa ubora wake, si kwa hadhi ya jarida ilimochapwa.

Bi_Darubini:
Asanteni sana. Mkutubi, umenishika pabaya: nimeikuta makala kwa jina la baba, imerejelewa mara 14. Nimeiunganisha jana usiku, sasa ni 8.

Mzee, kwenye fomu nimeitanguliza ile yenye marejeo 6. Nimeandika chini yake nilichofanya mimi, na chini ya ile ya 212 nimeandika wazi: kusoma slaidi. Jumatatu alfajiri napanda basi kwenda kuomba barua.