MJADALA: Sheria ya kofia na losheni shuleni Australia, watoto wetu weusi inawahusu?

Baba Imani (Logan, Queensland):
Wakuu, salaam. Jana nimemfuata binti yangu shuleni nikamkuta kakaa peke yake kwenye benchi la kivulini, wenzake wanacheza. Kosa lake kasahau kofia. Huna kofia, huchezi. Na uso ulivyopakwa losheni ya jua, mweupe pe, utadhani katoka mashine ya kusaga.

Nikaingia kusoma. Kampeni ilianzia jimbo la Victoria mwaka 1981, na katuni ya ndege wa baharini anayeimba: vaa shati, paka losheni, vaa kofia. Sababu walikuwa nayo. Waliotoka Uingereza na Ireland walileta ngozi ya nchi za mawingu kwenye jua hili. Kiwango cha melanoma, ile kansa ya ngozi inayoua zaidi, kimekaribia kuwa mara mbili tangu 1982 hesabu za taifa zilipoanza. Ila ukichambua kwa umri, wazee wanapanda, walio chini ya miaka 40 wanashuka. Wenyewe wanasema ni matunda ya kofia.

Hapo ndipo sielewani nao. Takriban watu 3 kati ya 10 nchini hapa wamezaliwa nje, na vijana wengi ni Wahindi, Wachina, Wafilipino na sisi. Kiwango kinapatikana kwa kugawanya wagonjwa kwa watu wote, Imani wangu akiwemo. Ukiongeza maji kwenye birika la chai, sukari haijapungua, utamu ndio umeshuka. Kijana wa Kizungu anaweza kuwa palepale alipokuwa.

Tena mwongozo wa wataalamu wao wa 2024 umegawa watu makundi matatu kwa rangi ya ngozi. Sisi weusi tii hatuhitaji kujikinga kila siku, labda tukikaa nje kwa muda wa saa mbili au zaidi, na tumeambiwa tuangalie vitamini D, ile ambayo ngozi huitengeneza kwa jua. Kwa nini basi shule ina kundi moja?

Zuhura_Bundaberg:
Baba Imani, mimi naogesha wazee. Nina babu mmoja, mkulima wa miwa maisha yake yote. Pua yake imezibwa kwa ngozi iliyotolewa kwenye paji la uso. Sikio la kushoto limebaki nusu, miwani naishikiza kwa plasta. Na kansa zake hazimo kwenye hesabu yako hata moja! Kansa za ngozi ambazo si melanoma, karibu majimbo yote daktari halazimiki kuzisajili. Wanakadiria watu 2 kati ya 3 hapa watapata kansa ya ngozi ya aina fulani kabla ya miaka 70.

Halafu kasome utafiti wa Nambour, hapahapa Queensland. Mwaka 1992 walichukua watu 1,621, nusu wakaambiwa wapake losheni kila siku, nusu waendelee na mazoea yao. Wakaacha 1996, wakafuatilia miaka kumi. Waliopaka kila siku, melanoma 11. Wenzao, 22. Hapo nani kaongeza maji kwenye birika?

Mzee wa Uvira:
Kadiri wanavyopekua ndivyo wanavyopata. Siku hizi kila kidoa kinakatwa kikapimwe. Mbona vifo havikupanda kwa kasi hiyo?

Baba Imani:
Mzee, umenena. Dada Zuhura, Nambour siipingi, lakini ile ni ngozi ya babu yako, si ya Imani.

Mama Eliya:
Nimesoma nikanyamaza, sasa niseme. Mwanangu ana ualbino. Mwanza alikuwa peke yake mwenye kofia pana shule nzima, wakamzomea mpaka akawa anaificha kwenye begi. Losheni tulisubiri ile ya Kilisun inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, na kichupa nikikipimia kama mafuta ya taa. Siku ya kwanza hapa alishuka kwenye gari, akatazama uwanja mzima una kofia pana, akaniuliza, "Mama, hawa wote ni kama mimi?" Mkianza kugawa kofia kwa rangi, wangu atabaki yeye na Wazungu, na wenzake weusi ndio watakaomcheka.

Baba Imani:
Mama Eliya, kwenye kofia nainua mikono. Imani atavaa. Losheni bado sijakubali. Daktari kampima damu, vitamini D iko chini, na kila saa nne asubuhi wanampaka upya.

Zuhura_Bundaberg:
Hapo kwenye losheni hata mimi siwezi kukubishia sana. Ila usijiamini kupita kiasi. Bob Marley alifariki Mei 1981, mwaka uleule wa kampeni yenu ya ndege. Melanoma ilimwanzia kidole cha mguu, chini ya kucha. Sisi hutuanzia huko, nyayoni na kwenye kucha, wala si jua. Tunadhani ni mwiba au kiatu kimebana, tunafika hospitali imeshasambaa. Ukimvua soksi leo, mwangalie nyayo.

Baba Imani:
Sawa dada, na zangu pia. Jumatatu naenda kumwona mwalimu na ule mwongozo wa 2024 mkononi.