Tupeane uzoefu: jina la akaunti ya biashara lilikupa nini, lilikukosesha nini?

Wakuu, habari za jioni. Naanza mwenyewe. Nauza unga wa lishe, nipo Morogoro. Nilipofungua ukurasa Instagram, jina nililolitaka lilikuwa limeshachukuliwa. Nikaongeza kistari cha chini, nalo lina mwenyewe. Nikaongeza cha pili pembeni ya kile cha kwanza, likakubali, nikafurahi kama nimeokota hela.

Shida ikaja kwenye simu. Mteja yuko Dodoma, kasifiwa unga wangu na shoga yake: "Dada, nakutafuta sikuoni." Namtajia: unga, kistari cha chini, halafu kistari kingine. "Mbona naona kimoja?" Hapana mama, viwili, vimeshikana, kwa macho ni kimoja kirefu. Akaishia kwa mwenye kimoja, akaagiza kilo tano. Unga aliupata, tena mzuri tu, ila haukuwa wangu.

Nimelibadilisha, lakini nina stika za mifuko za jina la zamani zimejaa boksi zima. Haya, tiririkeni.

*Mdau, Dar es Salaam:*
Nakodisha maturubai na viti. Jina langu lilianza na "shangwe", maana nilianzia kwenye harusi na sendoff. Sasa mjini hapa biashara ya maturubai bila misiba haiendi. Siku moja baba mmoja kapiga, kafiwa na mama yake, bei tumeelewana. Akasema nimtumie picha za viti awaonyeshe ndugu. Nikamwambia aingie kwenye ukurasa. Kimya. Jioni akarudi, kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, wazee wamesoma hilo jina, wamesema hapana." Sikuwa na la kujibu. Ningekuwa mimi ningekataa vilevile. Sasa natumia jina la mtaa na neno "maturubai". Halina mbwembwe, lakini linaingia kwenye harusi na linaingia msibani.

*Mdau, Mwanza:*
Langu lilikuwa vitenge_na_batiki_za_mwanza. Hesabuni, herufi 27 na vistari vyake. Instagram inapokea mpaka 30, nikapita. Kwenda TikTok, mwisho 24. X ndiyo kabisa, 15. Nikawa na majina matatu, kila mtandao na lake, mteja ananiuliza kama nina matawi. Ushauri: anzeni na mtandao wenye nafasi ndogo, hata kama hamuutumii leo.

*Mdau, Mombasa:*
Mie nauza madera. Nilijiita kwa Kiingereza, "luxury" ndani yake, nikidhani ndiyo hadhi. Watu wakapita kimya, wengine wakaniandikia kwa Kiingereza cha ofisini kuuliza bei kama wanaogopa. Dera ni vazi la kupumulia nyumbani, jamani, lataka jina la kibarazani. Nilipoweka la Kiswahili, ujumbe wa kwanza ulikuwa: "Dadangu, lile la maua ya zambarau bado lipo?" Hapo nikajua nimefika.

*Mdau, Kariakoo:*
Mimi nawapinga kidogo. Natengeneza simu, najiita "dogo" fulani tangu nikiwa dogo kweli. Jina nililosajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ni lingine, la heshima zake. Kuna ofisi iliniletea kazi ya simu nyingi, wakaomba profoma (ankara ya bei kabla ya malipo), mhasibu akauliza huyu dogo ni nani na hii kampuni ni ya nani. Nusu nilibadilishe. Lakini wateja wangu wa kila siku wananijua kwa dogo, wanacheka, wanaleta wenzao. Nikaliacha, nikaandika jina la usajili kwenye maelezo chini ya picha. Ofisi ile ililipa.

*Mdau, Dar es Salaam:*
Dogo, wewe unauza ucheshi na kioo, sawa. Ungekuwa na maturubai ungenielewa.

*Mdau, Kariakoo:*
Nimekuelewa kaka, pole kwa lile.

*Mwanzisha mada, Morogoro:*
Nimewasoma wote. Jina jipya nimempa mama yangu alitaje kwenye simu kwa dada yake aliyeko Ifakara, na mama mkubwa kanipata mara ya kwanza. Ila zile stika, nani ana wazo? Nikichana moja naona kama nachana elfu kumi.